Risiti ya Sufuria

Elick wa Kabanga alikuwa na mali moja duniani, guta la matairi matatu, na kasoro moja mdomoni: L na R kwake zilikuwa herufi moja yenye majina mawili. Vingine vyote, pamoja na koti la njano la kung'aa, aliazima.

Siku moja alipita Nyakahura akaona sufuria kuukuu zimetupwa migombani. Wewe na mimi tungeona taka. Elick aliona mnunuzi wa vyuma chakavu. Akavaa koti, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mradi wa taka umefika: kila kaya itoe sufuria moja mbovu, baada ya wiki ipewe mbili mpya. Tamaa haina dawa. Kufika saa sita sufuria mbovu zilikwisha, watu wakaanza kuepua zilizo jikoni. Auleria, mtunza vyombo wa kigango cha kanisa, alileta sufuria kubwa ya sikukuu, bado inanukia pilau, akiapa kwamba imetoboka.

Guta lisingeweza kubeba mzigo wote. Ikabidi auweke kwa Mzee Bulugu, mfugaji mwenye ua mpana, mpaka apate lori. Na ili watu wasinung'unike, akaacha na guta lake papo hapo kama dhamana, roho ikimuuma.

Secilia, binti wa mzee, aliuliza mbona mradi wa taka hautaki chupa za plastiki. Elick akajibu kwamba chupa ni awamu ya pili. Basi Secilia akaomba risiti. Elick akaandika kama anavyosema:

"Mzigo: sufuria na guta moja. Mahari: kwa Mzee Bulugu. Mreta mzigo: Elick."

Akatia sahihi, na Samweli, mwenyekiti wa kitongoji, akagonga muhuri. Secilia aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kuchochea moto huku akicheka peke yake.

Siku ya tatu Elick alirudi na lori la kukodi. Alikuta ua umejaa vigelegele, na mzee kavaa suti.

"Shikamoo mzee. Nimefuata mzigo."

"Marahaba, mkwe. Mahari ikishaletwa haifuatwi."

Samweli akasoma risiti kwa sauti. Elick akakimbilia kusahihisha.

"Mzee, mimi niriandika mahari," alisema. "Sikuandika mahari."

"Tumekusikia," alisema Samweli. "Mara mbili."

Secilia akasogea. "Sufuria wenyewe wanazichukua sasa hivi. Guta ni lako, kwa hiyo ndilo mahari. Kalete wazee wako tupange harusi. Au twende polisi ukawaeleze ulikusudia nini."

Elick alichagua kuwafuata wazee, tena kwa mbio. Mpaka leo wako njiani. Auleria alijitwika sufuria yake bila kumtazama mtu.

Namhurumia kidogo, kwa maana guta ndilo lililokuwa shamba lake. Lakini kila Jumamosi Secilia hupita nalo nyumba hadi nyumba, akikusanya chupa, na ubavuni ameandika kwa rangi nyekundu: MAHARI PA TAKA.