Njaa Si Hisia

Ninayo fahari kuutangazia umma, na majirani zetu ikiwa wanasikiliza, kwamba kuanzia muhula huu hakuna mtoto wa Nairobi atakayehisi jambo lolote kiholela. Serikali imeingilia kati. Imeundwa Idara ya Hisia na Mawasiliano ya Wanafunzi, na mimi, Muigai, ndiye Naibu Mkurugenzi wake, ninayeshughulikia Furaha na mambo mengine yanayoambatana nayo.

Watu wa domo hawakosekani. Wakauliza: kwani watoto walikuwa hawahisi? Walikuwa wanahisi, sikatai, lakini bila mpangilio. Leo mtoto analia, kesho anacheka, na hakuna ofisi iliyoarifiwa. Nchi haiendeshwi hivyo.

Tulianza na Shule ya Msingi ya Gathiru, upande wa Dagoretti, kama shule ya majaribio. Mwongozo wetu, wenye sahihi ya Katibu Mkuu, uliagiza kila shule iwe na Chumba cha Hisia, chenye zulia, matakia na kuta za rangi ya kutuliza moyo. Nilizunguka shule nzima na afisa wetu wa kiufundi, Kisilu, tukitafuta nafasi. Madarasa yalikuwa yamejaa pomoni. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na mwalimu mkuu ndani. Mwishowe tukaliona jiko la shule. Paa lake lilikuwa zima, na isitoshe, lilikuwa likitumika mara moja tu kwa siku.

"Kwa hivyo mnafunga jikoni?" akauliza Mama Ajwang, mpishi.

"Hatufungi, mama. Tunaboresha."

"Na githeri ya watoto nitapikia wapi? Kwa kichwa yangu?"

Hivyo ndivyo wanavyoongea watu wasiopitia mafunzo ya mawasiliano. Sikumkasirikia. Nilimpandisha cheo papo hapo, akawa Msimamizi wa Matakia. Kuta zenye masizi zikapakwa rangi ya limau, sufuria zikafungiwa stoo, na kikasalia mwiko mmoja mkubwa, wa kusongea ugali wa shule nzima. Huo nao tukaupatia kazi. Mwongozo ulidai kifaa ambacho watoto wangepokezana wakiwa kwenye duara: mwenye kukishika anaongea, wengine wanasikiliza. Nikaamua mwiko utatosha, kwa kuwa haukuwa na shughuli nyingine.

Mambo yalienda sawia kabisa hadi Mwalimu Nzula wa darasa la tano alipokuja ofisini kwangu mjini, bila miadi, viatu vimejaa vumbi.

"Mheshimiwa, kuna shida. Niliuliza watoto wanahisi nini. Wote wamesema njaa."

"Wote?"

"Wote. Hata mimi."

"Mwalimu, orodha unaijua. Furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao na shukrani. Njaa umeiona wapi?"

"Sijaiona. Lakini wao wanaisikia! Saa ya lunch ikifika mtoto anapelekwa akae kwa takia. Si huo mwongozo wenu unasema tumwamini mtoto akituambia vile anahisi?"

"Unasema umwamini akichagua kilichopo," nikamsahihisha.

Hata hivyo, mimi si dikteta. Niliitisha Kamati ya Ufafanuzi wa Hisia, nayo ikakutana Kenyatta Market, kwa sababu ofisini hakuna hewa ya kutosha ya kufikiria. Tulipoletewa mbavu za mbuzi, ugali na kachumbari, nikafungua kikao.

"Hoja ni moja, waheshimiwa. Je, njaa ni hisia?"

Kisilu alikuwa na ubavu mdomoni, ikabidi tumsubiri. "Mkubwa," akasema hatimaye, akijifuta kidevu, "hisia ya ukweli haimalizwi na ugali. Mtu akiwa na huzuni, mpe ugali, huzuni si iko palepale? Lakini mwenye njaa ukimpa, imeisha. Hiyo si hisia. Hiyo ni hali ya tumbo."

Sijawahi kusikia hoja safi namna ile. Mjumbe mmoja tu aliuliza kama kuna aliyewahi kujaribu kuwapa. Tukamweleza kwamba huo ni utafiti, na utafiti uko chini ya idara nyingine. Tukaagiza kilo nyingine ili tusiharakishe uamuzi, kisha tukapitisha kwa kauli moja, midomo ikiwa imejaa. Waraka ukasomwa gwarideni Gathiru: njaa si hisia, ni hali ya tumbo, na mwanafunzi atakayeitaja aombwe kuvuta pumzi na kuchagua tena. Mwalimu Nzula naye nikamwonya kwamba akiniletea njaa tena ofisini, atahamishwa.

Kwa kuwa baadhi ya wanafunzi walikuwa wakichomoka kwenye duara kwenda langoni kunusa mandazi, niliongeza sheria mwenyewe, na Katibu Mkuu wetu akaitia sahihi: mwenye mwiko asikilizwe hadi mwisho, na mtu yeyote asile wala kuondoka kabla ya wote kusikika.

Nilipofika kukagua, mwiko ulikuwa mikononi mwa katoto ka darasa la kwanza kanakoitwa Wanjugu. Kakasema, "Mimi..." kakaanguka kwenye matakia. Nikaandika katika ripoti kwamba mwanafunzi amefikia utulivu wa kiwango cha juu. Dadake, Waceke wa darasa la tano, alimwinua, akambeba mgongoni, akaja kusimama mbele yangu.

"Mtafungua jikoni lini?"

"Umesahau kunisalimu," nikamwambia kwa upole, maana mimi kwanza ni mlezi. "Mawasiliano bora yana hatua zake. Unawatambua waliopo, mmoja mmoja. Unataja hisia. Unatoa sababu. Unashukuru. Shika hatua hizo, mtoto wangu, na ipo siku mtu mkubwa atakusikiliza."

Alimpandisha mdogo wake vizuri mgongoni, kichwa kikiwa kimelala begani mwake. "Sawa," akasema.

Nilirudi mjini nimefurahi. Somo lilikuwa limeingia.

Basi ikaja siku ya uzinduzi. Mgeni wa heshima alikuwa Katibu Mkuu mwenyewe, Bwana Wahome, mtu wa miraba minne anayependa kamera, nazo zinampenda. Uwanja wa shule ulipambwa. Bango lilichapishwa River Road, herufi kubwa, sheria yangu yote bila kukatwa neno. Chini ya hema jeupe kulikuwa na pilau na kuku wa wageni. Bwana Katibu alishuka garini kutoka kwake Karen jua likiwa utosini.

"Sijagusa hata chai," akaninong'oneza, akijipigapiga tumbo. "Nimeacha nafasi."

Kisha akaligeukia bango, akalisoma kwa sauti mbele ya wanahabari. "Hata mimi nitaifuata sheria hii!" akatangaza. "Kwenye duara hakuna mkubwa!"

Makofi yakapigwa. Shule nzima ilikuwa imeketi kwa duara kuzunguka uwanja, kwa sababu Bwana Katibu alitaka picha pana. Waceke alikuwa amechaguliwa na wenzake kuwa mlezi wa duara. Na itifaki ya nchi hii inajulikana hata na kuku: mgeni wa heshima huongea mwisho. Mwiko ukaanzia upande wa pili.

Mimi nilitarajia kila mtoto aseme "furaha" apitishe. Wapi! Mvulana wa kwanza akasimama wima, akatutazama machoni.

"Bwana Katibu Mkuu, Bwana Naibu Mkurugenzi, Bwana Kisilu, mwalimu mkuu, walimu wetu, Mama Ajwang Msimamizi wa Matakia, dereva wa Bwana Katibu, na ndugu wa kamera, hamjambo. Mimi nahisi shukrani, kwa sababu mmekuja kutusikiliza. Asanteni sana."

Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu akamkumbuka askari wa lango. Hakuna aliyeruka hatua, hakuna aliyekosea. Kwa nusu saa hivi machozi ya fahari yalinilengalenga. Halafu upepo ukageuka, ukatuletea harufu ya pilau.

Jamani, harufu ile!

"Muigai," Bwana Katibu akaniambia kwa pembe ya mdomo, "hii kitu inaisha saa ngapi?"

"Wako darasa la pili, mheshimiwa."

"Waambie wafupishe."

Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, Waceke akaniinulia kiganja kwa adabu. "Samahani, mheshimiwa. Huna mwiko."

Kamera zote zikanigeukia. Nikaketi. Kisilu alijaribu kunyata kuelekea hemani, akamkuta Mama Ajwang amesimama kando ya sufuria, mikono kiunoni. "Rudi kwa duara, baba. Unaonekana na Kenya nzima." Akarudi, mkia kaufyata.

Tumbo la Bwana Katibu likaanza kunguruma, hata kinasasauti cha wanahabari kikalinasa. Jasho likamtoka. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kikizunguka, na herufi za bango zikicheza. Watoto walikaa tuli, migongo wima. Wao walikuwa na mazoezi ya muhula mzima. Sisi hatukuwa nayo.

Hatimaye mwiko ukatufikia. Bwana Katibu aliunyakua kwa mikono miwili. Hakumtambua mtu yeyote.

"Mimi nina njaa!" akafoka.

Waceke akasimama.

"Asante kwa kushiriki, mheshimiwa. Lakini njaa si hisia, ni hali ya tumbo. Vuta pumzi, uchague tena."

"Hasira, basi! Nina hasira!"

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sijakula tangu asubuhi!"

Shule nzima ikaweka mkono kifuani, kama tulivyoifundisha, ikasema kwa sauti moja, "Pole sana. Tumekusikia."

Na haki ya Mungu, hawakuwa wakimcheka. Hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wakimhurumia kwa dhati, maana walikijua anachokisema.

"Na ukikaa hivyo mpaka jioni," Waceke akaendelea, "na kesho tena, na kesho kutwa, utaweza kusoma?"

Kamera ilikuwa imemkaribia Bwana Katibu hadi puani. "Siwezi," akasema. "Hakuna mtu anaweza."

"Basi tufungulie jikoni. Wanjugu wetu anaanguka."

Mkubwa akanigeukia, mtu wa kumlaumu akiwa ameshampata. "Muigai! Wewe ulifunga jikoni ya watoto?"

"Tuliliboresha, mheshimiwa," nikajibu. "Sahihi ni yako."

Mwalimu Nzula akakohoa. Wanahabari wakaandika. Bwana Katibu akautazama mwiko mikononi mwake.

"Fungueni," akasema kwa sauti ndogo. "Leo. Fungueni leo."

Mama Ajwang hakungoja waraka. Alimpokonya mwiko, akaenda moja kwa moja kwenye pilau ya wageni, akafunua sufuria. "Wadogo mbele!" Wanjugu akawa wa kwanza, sahani ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Bwana Katibu alipojaribu kuingia mstarini katikati, Mama Ajwang akamwelekeza nyuma. "Mgeni wa heshima ni wa mwisho, baba. Si hiyo ndiyo itifaki?"

Alichopata ni ukoko. Aliukwangua mwenyewe, akaula kwa vidole mbele ya kamera, wala hakuacha hata punje.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Sufuria ilikuwa nyeupe, haina kitu. Nilisimama pale na sahani tupu, Naibu Mkurugenzi mzima, tai shingoni, mpaka Waceke akaja akanimegea chake: kiazi nusu na wali kiasi cha kiganja. Aibu ilinishika, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Nikala hivyo hivyo, nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikaomba niongezwe.