Kasha Lenye Taa ya Bluu

Jumapili, 6 Juni 2004. Itigi.

Faith amepiga simu. Anakuja likizo, tarehe 18, kwa wiki moja. Klara alinigongea mlango kuniita. Klara ni jirani yangu, ana gesti, ana simu ya kulipia, na ana jenereta pekee mtaani kwetu. Sauti ya binti yangu imebadilika. Ana miaka kumi na minne sasa. Mwanzoni nilidhani ni mama yake, nikajibu kwa ukali kidogo kabla ya kumtambua.

Nikamuuliza siku hizi anapenda nini. Akafikiri. Akasema huko Singida huwa anacheza gemu la magari kwenye kompyuta ya baba Chediel. Chediel ndiye mume wa Selina, mama yake Faith, tangu tulipoachana. Kumbe anamwita baba. Nikamuuliza kompyuta hiyo ina RAM kiasi gani. Neno hilo nililisoma kwenye gazeti lililofungiwa maandazi. Akasema hana hakika, labda mia na ishirini na nane.

Nimerudi nyumbani. Ndoo za asali na mimi.

Nimeamua. Nitaunda kompyuta ya gemu. Ya bei nafuu, lakini imshinde Chediel.

Jumatatu, 7 Juni

Nimempigia Laurian. Tulisoma wote, sasa yuko Kariakoo anauza na kutengeneza kompyuta za mtumba. Akafurahi kunisikia, akauliza habari za nyumbani. Nikamwambia nyumbani hakuna habari, tuongee vifaa.

Akanieleza taratibu. Kwanza prosesa, ubongo wa mashine, na mazabodi, yaani ule ubao ambao vitu vyote huchomekwa. Vingine vifuate huo. Akasema ni kama plau, lazima kwanza ujue una ng'ombe gani. Na nisisahau diski ya kuhifadhia.

Nikamuuliza makasha ya kuwekea vyote hivyo anayo ya aina gani. Akataja moja lenye ubavu wa kioo na taa ya bluu ndani. Nikasema hilo hilo, mengine tutapanga kulifuata. Akaniuliza kama nimemsikia. Nilidhani laini ni mbovu.

Klara aliuliza nani amefariki, maana nilikuwa napiga kelele. Halafu akanikaribisha ugali na mlenda, alikuwa anakula peke yake. Nikamshukuru, nikasema nina mahesabu. Nimekula viazi baridi. Mahesabu hayakuchukua muda.

Jumatano, 9 Juni

Siku ya maamuzi. RAM: mia mbili hamsini na sita. Laurian alisema kwa gemu la magari nusu yake inatosha, pesa itakayobaki niweke kwenye diski. Nusu yake ndiyo ya Chediel. Nikakataa.

Kadi ya picha: kubwa, ina feni yake yenyewe. Laurian akauliza itachomekwa kwenye mazabodi gani. Nikasema yoyote, ya bei ya chini, hiyo iko ndani haionekani sana. Akaniambia, "Andrea, kaka, hiyo kadi inataka tundu lake maalumu." Nikamkumbusha nani mnunuzi.

Diski nimeiacha kwa sasa. Asali yote ya msimu nimemwachia mnunuzi wa Manyoni, kwa bei aliyoitaka yeye. Alipoondoka alinipa mkono kwa muda mrefu, kama mtu anayetoa pole.

Jumanne, 15 Juni

Vitu vimefika kwa treni, salama kabisa, pamoja na kioo cha kompyuta cha mtumba, kizito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa nakamua masega niliyobaki nayo. Niliacha kila kitu nikaanza kufungua maboksi mezani. Nilinawa baadaye.

Kasha ni zuri mno. Nilikaa nalitazama.

Kadi ya picha haiingii. Nimeisukuma kwa upande huu, kwa upande ule, nimeisemesha. Tundu lake halipo kwenye ubao. Nikaenda kwa Klara kumpigia Laurian. Akasema aliniambia Jumatano. Nikasema tuache ya Jumatano. Akasema pia kwamba bila diski mashine itaamka lakini haitakuwa na gemu wala kitu kingine chochote cha kuonyesha.

Nikauliza: kuwaka, itawaka? Akasema kuwaka itawaka.

Basi.

Nilipokata simu Klara aliuliza mtoto atalala wapi. Nilikuwa sijafikiria hilo. Nina kitanda kimoja. Ameniazima godoro na shuka zenye maua. Amesema Faith akifika niende naye tukale kwake. Nimesema tutaona, jioni zetu zitakuwa na ratiba.

Ijumaa, 18 Juni

Nilifika stendi mapema mno. Basi lilipoingia nilimpita Faith mara mbili nikimtafuta mtoto mfupi. Akanigusa mgongoni. "Shikamoo, baba." Nikaitika marahaba, kisha sikujua kinachofuata. Yeye naye hakujua. Tukatembea.

Ameniletea jogoo, amemlea mwenyewe. Alimbeba kwapani njia nzima. Nikamwambia asubiri kesho aone nilichomwandalia mimi. Nimemsifia jogoo, ila kwa haraka.

Jumamosi, 19 Juni

Tulimchinja jogoo asubuhi. Saa kumi jioni Klara akawasha jenereta mahsusi kwa ajili yetu na kutupitishia waya dirishani. Nikabonyeza. Taa ya bluu ikajaa chumba kizima. Feni ikazunguka. Kwenye kioo yakatokea maneno ya Kiingereza, meupe kwenye weusi, kisha yakasimama.

Faith akauliza gemu liko wapi. Nikamwambia aangalie kwanza taa.

Akaangalia. Akainama zaidi. Akasema, "Baba, mbona ubao unatembea?"

Sisimizi. Mstari mzima, kutoka kwenye ndoo, kupita mguu wa meza, hadi ndani ya kasha. Kila nilipokuwa nimeshika siku ile ya maboksi palikuwa na asali. Tukazima. Faith akaokota manyoya ya jogoo uani, tukakaa sakafuni tukiwafagia mmoja mmoja, vichwa vimegusana. Alicheka mpaka akalala chali. Akanisimulia kuhusu shule, kuhusu rafiki yake Jenipher aliyehamia Tabora, kwamba tangu hapo mapumziko anakaa darasani peke yake. Akaniuliza kama mimi huwa nakaa hivi kila siku, bila mtu. Nikamwambia nina shughuli.

Tulipomaliza jenereta lilishazimwa. Klara alituletea ugali, tukala na yule jogoo, watatu, kwa kibatari.

Jioni nzima imepotea bure. Hatukucheza hata kidogo.

Ijumaa, 25 Juni

Faith ameondoka. Wiki yote nilishinda kwenye simu nikimsumbua Laurian habari za diski. Faith alikuwa akinisubiri kwenye benchi la nje, akimsaidia Klara kuchambua mchele.

Stendi aliniambia anapata kipaimara Jumapili ya tarehe 15 Agosti. Anataka nije, nikae benchi la mbele. Nikamwambia nitakuja, na kwamba Desemba gemu litakuwa tayari.

Akaangalia chini. "Gemu wala silipendi sana, baba. Siku ile kwenye simu nilikuwa natafuta tu cha kukwambia."

Dereva akapiga honi. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia, kisha nikaendelea kusimama. Nilipofika nyumbani nilikuta ametandika godoro vizuri, shuka zimekunjwa juu yake.

Jumamosi, 26 Juni

Kimya. Nimelirudisha godoro. Klara akasema ningeweza kukaa nalo, mtoto atarudi. Akanikaribisha chai. Nilikuwa karibu kukaa. Simu ikalia, ilikuwa yangu.

Laurian. Kuna kontena la kompyuta za mtumba linafunguliwa Jumatatu, tarehe 16 Agosti, asubuhi. Mazabodi zenye tundu la kadi yangu, diski kubwa, hata usukani wa kuchezea magari. Anayewahi ndiye anayechagua. Lazima nipande treni ya Jumamosi.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Nimelipima pande zote. Kipaimara kina mchungaji, kina kwaya, kanisa litajaa. Hakitaharibika kwa kukosa mtu mmoja. Benchi la mbele akae Chediel, ana kazi gani nyingine.

Nimemwambia Laurian nitakuwepo.

Faith nitamwandikia. Alisema halipendi sana gemu, lakini alisema hivyo kwa sababu hajaliona likiwa na usukani.