Macho ya Kioo na Nafasi Moja Melini

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: melini kuna nafasi moja. Atakayepima vihisi mwanga vingi bila kosa ndiye atakayeenda kuvizamisha baharini. Ni mimi! Nimeshampigia mama. Mpinzani ni mmoja tu, fundi mwenzangu Bi Pole, anayepima kimoja kwa siku kama anauguza mgonjwa. Maskini!

Jumanne, 4 Machi
Kihisi ni jicho la kioo, kubwa kama boga. Litakaa vilindini miaka ishirini kungoja nyutrino, chembe zinazopenya dunia nzima bila kupiga hodi. Mara chache mno moja hugonga maji, ukatokea mmweko wa buluu. Jicho liuone. Basi! Lakini kabla ya kupimwa, lazima likae gizani siku nzima, litulie. Siku nzima! Yangu nimeyapa saa mbili tu. Nimepima matano. Nikapiga mluzi koridoni.

Jumatano, 5 Machi
Yote matano yamekataliwa. Mkuu kasema hayajatulia, yanahesabu mwanga usiokuwepo. Nikasema labda ni nyutrino. Hakucheka. Mama kauliza avae nini siku ya kunisindikiza bandarini.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Pole alipoenda kula, nikajipenyeza chumba cha giza nijue siri yake. Simu niliiacha nje, mimi si mjinga. Kumbe mishale ya saa yangu ya mkononi inang'aa! Kwenye skrini ya nje, inayoonyesha mwanga unaoonwa na jicho, mstari ukapaa. Bi Pole alikuwa amesharudi, akauona. Nikangoja matusi. Akanitoa, akanivua saa, akanikalisha mbele ya skrini. Akafifisha taa ya kupimia mpaka karibu na kuzima. Tukangoja. Mstari umelala. Mara ukaruka!

Nikauliza nini hicho.

"Punje moja ya mwanga," akasema. "Ndogo kuliko hiyo hakuna. Na jicho limeiona."

Nywele zikanisimama. Akasema tangu tukae, nyutrino matrilioni zimepita vifuani mwetu. Nikashika kifua.

Ijumaa, 7 Machi
Anaenda Bi Pole. Mama hapokei simu. Mkuu kanirudishia macho yangu matano, kila moja siku nzima gizani, ndipo nifikiriwe safari ijayo. Asubuhi nimeapa kuwa mvumilivu. Mchana nimegundua jambo: giza la chumba kile ni jepesi! Nikifunika jicho kwa mablanketi matatu, giza litakuwa mara tatu. Siku nzima ya saa ishirini na nne inageuka saa nane tu. Sijui kwa nini wataalamu hawajawahi kuliona hili.