Mita ya Bi Mwanamkasi

Bagamoyo ina wavivu wa kila namna, lakini Shamsudin alikuwa mvivu mwenye bidii. Aliamka kabla ya wauza vitumbua, akaenda kutafuta mahali ambapo hatafanya kazi. Asubuhi moja alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Bi Mwanamkasi, mjane wa Mji Mkongwe aliyekodisha Landrova kwa watu waendao Mkange na Saadani, akasikia ugomvi. Watu wakigombana kuhusu gari, Shamsudin husimama, kama wewe unavyosimama ukisikia harufu ya pilau.

Mgomvi alikuwa mgeni kutoka Dar, kashika simu inayopima umbali, anadai gari la mama huyu linahesabu kilometa ambazo barabara haina. Bi Mwanamkasi alikodisha kwa kilometa, kama mita ya gari inavyosema. Msimu mzima mita ilisema mengi, naye alipokea yote, na dhamiri yake ilikuwa imelala usingizi mnono mpaka ilipoamshwa na simu ya mgeni. Mji mdogo huo, maneno yanatembea. Akamrudishia mtu chake kwa shingo upande, kisha akamgeukia Kitwana, dereva wake.

Kitwana akajitetea kwamba kosa si lake, ni la tope la Mkange. Gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilikuwa imekufa, wakafunga nyingine ya gari la aina tofauti, yenye nguvu zaidi, na propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, ikakatwa kidogo ili iingie. Tangu siku hiyo gari linapita tope kama kiboko, ila mita imeingiwa na haraka. Ukienda hamsini, yenyewe inasema sitini na tano.

"Shikamoo, Bi mkubwa," Shamsudin akaingilia.

"Marahaba. Na wewe nani tena?"

"Mimi fundi wa mita."

Alikuwa fundi wa mita tangu dakika ile. Wiki iliyopita alikuwa dalali wa viwanja, na kabla ya hapo tabibu wa simu zilizoingia maji. Lakini tumpe haki yake: aliyoyaeleza yalikuwa kweli tupu, maana aliyasikia kijiweni kwa fundi wa kweli. Mita hupata habari zake kutoka kwenye kigia kidogo cha plastiki kilichomo ndani ya ile gia boksi, kinachozunguka pamoja na propela. Ukibadilisha gia boksi ukakiacha kigia cha watu humo ndani, mita itahesabu kwa hesabu za watu. Dawa yake ni kigia chenye meno yanayolingana na gari lako, nacho hupatikana Ilala, kwa mtu anayemjua mtu. Akapewa hela ya kigia, ya nauli, na ya chakula cha njiani.

Ilala hakufika. Alifika kwa shangazi yake mtaa wa pili, akala wali wa nazi, akalala, na kesho yake akarudi na uso wa msafiri aliyechoka. Akajifungia ndani ya gari, akafungua kioo cha dashibodi, akang'oa mshale wa mita kwa mpini wa kijiko, akaurudisha ukiwa umeshushwa kidogo. Kigia hakukigusa. Kisha akawapakia Bi Mwanamkasi na Kitwana mpaka kwenye lami ya kwendea Msata, akaweka simu yake juu ya dashibodi. Simu ikasema hamsini. Mshale nao ukasema hamsini.

Bi Mwanamkasi akamwambia aongeze mwendo kidogo. Shamsudin akajibu, kwa huzuni ya raia mwema, kwamba trafiki wako mbele na tochi zao za kupima mwendo, na yeye hawezi kumtia mama wa watu katika makosa. Bila shaka. Mshale uliohamishwa ni kama shahidi aliyefundishwa maneno: jibu lake ni moja tu, ukimuuliza swali la pili kwisha habari. Waliporudi, gari likiingia getini taratibu, mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri na magurudumu yanazunguka. Kitwana akautazama. Shamsudin akakohoa, akasifu asumini iliyopandwa ukutani. Bi Mwanamkasi akamlipa ufundi wake.

Basi ingeishia hapo, kama si mapenzi. Na hapa tusimcheke, jamani, kwa sababu Shamsudin alimpenda Zaina wa Mkange kwelikweli, mpaka akakonda. Kwa ajili yake alifanya jambo ambalo ukoo wake bado unalisimulia: alifanya kazi. Alibeba matofali mpaka akanunua pikipiki, kitu pekee duniani alichokipata bila kumdanganya mtu. Sasa wazee wa Mkange walikuwa wamekubali kupokea posa, lakini masika ilikuwa imeshuka, na njia ile haipitiki ila kwa Landrova. Tena ile yenye gia boksi ya kiboko.

Akamkuta Bi Mwanamkasi barazani, anakunywa kahawa na jirani yake, Mzee Mikdad. Huyu Mikdad ni mjomba wake Zaina, ndiye aliyekuwa awafikishe wenye posa kwao. Bi Mwanamkasi akafurahi sana, akamwombea kijana heri, kisha akamkumbusha masharti. Kodi ni kwa kilometa, kwa mita ya gari. Rehani ni pikipiki. Asipolipa yote siku ya kurudi, pikipiki haitoki tena.

"Mimi mita hii sina wasiwasi nayo, fundi wake namjua," akasema. "Au ina kasoro, mwanangu?"

Mzee Mikdad akaacha kutafuna kashata, amsikie vizuri mtu anayetaka kumwoa mpwa wake.

"Wallahi haina," akasema Shamsudin. "Ikikosea hata shibiri moja, mimi si fundi."

Yamini ikaliwa mbele ya mashahidi, na kwa mwaka ule hiyo ndiyo kauli yake iliyokuwa karibu zaidi na ukweli.

Mkange walipokewa vizuri. Mzee Abdillah, babake Zaina, alitaja kilemba chake, haki ya baba kwa desturi: hataki kitambaa wala hela, anataka chombo cha kumfikisha shambani. Shamsudin akatoa simu akamwonyesha picha ya pikipiki, akaahidi kwamba Ijumaa itakuwa mlangoni. Mzee akaitazama picha ile kwa muda mrefu. Nyuma ya pazia Zaina akacheka kidogo, na Shamsudin akarudi Bagamoyo moyo unampiga, macho yake yote kwenye mshale, uliomtii vizuri kila ulipofika hamsini.

Tarakimu ndogo zilizo chini ya mshale hakuwahi kuziangalia. Hizo ndizo zinazohesabu kilometa, nazo hazijui kijiko wala mshale, zinakisikiliza kigia tu. Kitwana akazisoma mbele ya baraza. Kwa mujibu wa tarakimu hizo walikuwa wamekwenda Mkange, wakarudi, kisha wakaanza kwenda tena mpaka zaidi ya nusu ya njia. Shamsudin alikuwa na kodi ya kwenda na kurudi, basi, hela nyingine zote aliziacha Mkange kwa mkaja wa mama na udi wa mashangazi.

"Bi mkubwa, mita hii ina..." akaanza.

"Ina nini, mwanangu?"

Mzee Mikdad alikuwa bado anashuka garini. Akasimama, mguu mmoja nje, akisubiri. Shamsudin akaona milango miwili, yote imefungwa. Akisema mita inadanganya, mjomba atapeleka Mkange habari za tapeli aliyekula yamini ya uongo. Akisema haidanganyi, kilemba cha baba mkwe kinabaki uani kwa Bi Mwanamkasi. 

"Ina haki yake," akasema mwishowe, sauti imekwisha.

"Niliwaza hivyohivyo," akasema Bi Mwanamkasi, akaupokea ufunguo wa pikipiki. "Siku ile tulipoingia getini tunatembea na mshale umelala, nikajiambia, huyu fundi, ipo siku atapanda gari la ufundi wake mwenyewe."

Mzee Mikdad hakuwa mtu wa mita, lakini kilemba alikijua. Akauliza kwa upole pikipiki ile si ndiyo ya Ijumaa. Alipojibiwa ndiyo, akarudisha ule mguu garini, akakaa. Mambo haya hayatumwi kwa simu, alisema, bwana harusi atakwenda kumweleza mwenyewe baba mtu, na atakwenda sasa hivi, kabla mvua haijarudi.

Njia ya Mkange ilikuwa ileile, na gari la kuipita lilikuwa hilohilo. Bi Mwanamkasi akamwuliza rehani ya safari hii. Shamsudin akaingiza mkono mfukoni, akampa ile simu inayopima mwendo.

Kisha akapanda mbele, kando ya Kitwana. Landrova ikatoka getini polepole, na mshale umelala kwenye sifuri.