Nilimbembeleza Makena Asiyehusika

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Mkija buchani kesho, nunueni nyama mnyamaze.

Binti yangu Saida, wa gredi ya pili, tangu juzi analala akilia. Rafiki yake Makena amepata wenzake wapya wa kuruka blada, ile kamba ya mpira, na yeye hatakiwi. Asubuhi hata chai alikataa. "Baba, breki sina mtu. Huwa najifanya nafunga viatu." Niliishiwa nguvu kabisa. (Mimi huyu, mpasua mifupa ya ng'ombe.)

Jioni nikafunga bucha mapema, nikapitia soko la Gakoromone kununua ndizi mbivu, huyo hadi shuleni. Nikamwuliza soja wa geti, "Makena wa gredi two ni yupi?"

Akanionyesha kasichana kamesimama peke yake kando ya ua. Nikachuchumaa. Hotuba nilikuwa nimeipanga njiani.

"Makena mama, Saida anakupenda sana. Hata ukipata marafiki wengine, si umwachie nafasi kidogo tu?"

Machozi yakanitoka hayo! (Mbele ya wazazi, nusu yao wateja wangu.) Nikayafuta kwa mkono wa koti.

Koti la bucha. Sikuwa nimelivua! Damu ikanipaka uso mzima. Mtoto akapiga nduru, "Tiichaaa!"

Mwalimu mbio. Soja na rungu lake. "Baba Saida, kwani umeumia?"

"Hapana, mwalimu. Ni... ni mambo ya blada."

Wazazi walicheka mpaka wakashikana. Hapo Saida akatokea, ameshikana mkono na msichana mwingine.

"Baba! Makena ni huyu. Tulirudiana breki ya saa nne!"

Saa nne! Na mimi nalia saa hizi?

"Na huyu basi?"

"Huyo ni Makena ule mgeni. Hakuna mtu hucheza na yeye."

Yule mgeni akafuta pua. "Kwani ni ukweli Saida ananipenda?"

Moyo wangu! Saida akaniangalia, akamwangalia. Kisha akasema, "Sisi hufungia blada upande mmoja kwa mti. Kuja utushikie, halafu tubadilishane."

Wakamaliza ndizi zote, sikubakishiwa hata moja. Sasa hivi Saida amekula, amelala, hajalia. Kwa hiyo chekeni, lakini mkumbuke ni nani huwakatia nyama.