Mwanangu Hammu Ahesabiwe Watu Sita

Kitongoji cha Ait Uzru,
Milimani.

Mheshimiwa Mkuu wa Sensa,

Mimi ni Itto, mke wa Bassou, mama wa Hammu. Hammu unamjua, na kama humjui, waulize Wafaransa. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana nimehudhuria kisomo cha akina mama pale msikitini, na mwalimu alisema mwandiko wangu unapendeza.

Nashukuru kwa kututumia karani. Ni kijana mwenye adabu na chai yetu aliinywa vizuri. Ila hesabu amekosea. Anasema Ait Uzru tumepungukiwa na mtu mmoja, basi hatupati mwalimu, shule yetu ya chumba kimoja inafungwa, na watoto watavuka kijito kwenda kusoma Ait Tamda. Theluji ikiyeyuka, kijito kile kinabeba mbuzi. Mjukuu wangu Tilila ni mwepesi kuliko mbuzi. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Karani aliuliza lugha za nyumba hii. Nikamtajia za Hammu, anayeongoza watalii: Kiamazighi chetu, Kiarabu cha sokoni, Kiarabu cha vitabuni, Kifaransa, Kihispania, na Kijerumani alichokiokota kwa bibi mmoja aliyevunjika mguu huku juu. Akaandika zote sita, halafu chini akaandika: mtu mmoja. Nikamuuliza wale watano amewapeleka wapi. Akasema, "Mama, sisi tunahesabu vichwa." Nikamwambia, "Mwanangu, kichwa hata mbuzi anacho."

2. Ng'ambo ya kijito, kule Ait Tamda, nyumbani kwa Lalla Yamna, wako watu tisa wenye lugha moja, nayo wanaitumia kutusengenya. Wameandikwa tisa! Wote wanasema maneno yale yale kuhusu mtu yule yule, ambaye ni mimi. Kwa haki, huyo ni mtu mmoja mwenye midomo tisa.

3. Usidhani napendelea wangu. Mume wangu Bassou ana lugha mbili, lakini tangu tuoane sijampa nafasi ya kuzitumia. Mwandike nusu. Na mkwe wangu Rqiya, mke wa Hammu, ana mimba ya kutembea ameshika kiuno. Karani alikataa kuhesabu tumbo, na hapo nilimuunga mkono: aliye tumboni hajasema neno katika lugha yoyote. Sheria yangu ndiyo hiyo. Asiye na lugha hahesabiwi.

4. Kwa sheria hiyo hiyo, nyumbu wetu wa mizigo, ambaye anasimama kwa Kiarabu, anatembea kwa Kiamazighi na kugoma kwa Kifaransa, anampita Bassou. Siombi aandikwe mzima. Robo inatosha.

Ukijumlisha hapo, Ait Uzru tumezidi, na tunaweza hata kuwaazima Ait Tamda wawili watatu. Naomba mwalimu aletwe kabla theluji haijayeyuka. Kama hajaoa, dada yangu ana binti.

Nisalimie mkeo, mama yako, karani yule, na kila mtu humo ofisini mpaka anayepika chai. Hammu anakusalimu mara sita.

Wako anayengoja hesabu ya haki,
Itto, mama wa Hammu.

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, Rqiya amejifungua binti, mwenye sauti ya kufukuza mbweha. Nimemsemesha Kiamazighi, babu yake kamsemesha Kiarabu. Hajibu, analia tu. Kwa sheria yangu huyu ni sifuri, na mimi bibi yake siwezi kuitia sahihi sheria ya namna hiyo. Na Hammu, alipopewa mtoto amshike, lugha zote sita zilimkimbia. Bassou, Bassou wangu mimi, ndiye aliyesema: "Sasa tumetimia."

Basi futa yote ya hapo juu, Mheshimiwa. Karani anarudi Alhamisi kufunga hesabu. Ahesabu vichwa, kama alivyosema. Nyumbu mwache. Watu wa Lalla Yamna wape tisa yao, maana wamevuka wote kuja kutupongeza, na kelele zilikuwa za watu tisa kweli. Bassou mwandike mzima. Na yule mdogo mwandike hivi: jina: bado; lugha: bado; mtu: mmoja.