Ombi la Kurudishiwa Uchafu wa Kochi la Babu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Samani.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanachama wako wote, isipokuwa mmoja, ambaye kwa sasa simwombei mema wala mabaya.

Mimi ndiye mwanamume mkubwa katika ukoo wenye kochi. Ni kochi refu la ngozi, lililochorwa picha mgongoni, na aliyeliagiza ni babu mzaa baba. Tangu nipate akili, picha ile ilimwonyesha babu amesimama, mkuki juu, na simba mweusi amelala miguuni pake. Mtoto akikaidi, alionyeshwa kochi. Mkwe akija na maneno mengi, alikalishwa mkabala nalo mpaka yakamwishia.

Hivi karibuni rangi ilianza kubanduka, nikamwita fundi wenu, yule mama anayevaa miwani juu ya miwani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alidharau matunzo yetu. Kochi lile nimelipaka dawa ya viatu, nyeusi, kwa mapenzi, miaka nenda miaka rudi. Fundi alilinusa akauliza, "Nani anailisha ngozi hii dawa ya viatu?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi ishukuru. Imekuvumilia."

2. Alisafisha. Nilimwambia arekebishe, neno kusafisha halikutoka kinywani mwangu. Alianza na brashi laini, kisha vijiti vya pamba yenye unyevu kidogo, akifuta sehemu ndogo kama ukucha, akiitazama pamba, akifuta tena. Palipobanduka alipenyeza gundi chini ya rangi kwa sindano, akapakandamiza taratibu kama anayefunga kidonda cha mtoto. Kazi ilikuwa nzuri, na ubaya wake ndio huo.

3. Manyoya ya shingoni mwa simba yalitoka yote. "Hii si rangi," alisema, akinionyesha pamba. "Ni mafuta ya nywele." Yaani simba wetu alifugwa na vichwa vya marehemu baba zangu wadogo, walioegemea pale kila baada ya chakula.

4. Chini ya simba alitokea mtu. Amevaa shati jeupe, amepiga magoti, mikono kichwani. Ana pua yetu. Ni babu.

5. Aliyesimama ni bibi. Nilimsihi fundi aishie kiunoni, akasema kazi haiachwi nusu. Alipofika mkononi, mkuki ukawa mwiko. Ni mwiko wa kupikia, Ndugu Mwenyekiti, na mchoraji hakusahau kuuchora na chakula kilichonata.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Nilikuwa nimeamua kuiuza nyumba lilimo kochi na kumhamishia Mama kwangu, chumba cha nyuma. Mnunuzi nilishampata. Katika ukoo wetu neno langu halikuwa na rufaa, maana nililitamka nikiwa nimesimama mbele ya kochi. Safari hii pia nilisimama palepale, nikakohoa, nikatangaza. Shangazi akaitazama picha. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hunijibu "sawa", akaingia jikoni akatoka na mwiko, akakaa nao mapajani. Ndipo Mama, aliyekuwa akikubali kila nisemalo, akasema, "Mwanangu, mimi sihami."

Kikao kikafungwa na shangazi. Sikujua kama ana mamlaka hayo. Kumbe anayo.

6. Sasa sebule imejaa wageni. Wake wa majirani wanawaleta waume zao "waje waone kazi ya ngozi". Waume wanatoka wakiwa wapole mno, na baadhi yao hawanisalimu tena.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, fundi arudishe uchafu alioutoa. Pamba zake nimezihifadhi kwenye mfuko. Akishindwa, achore simba. Na chama kimpige marufuku kugusa ngozi ya ukoo wowote wenye hadhi. Wahenga walisema lisemwalo lipo; hawakusema lisafishwe.

Nisalimie katibu, mweka hazina, maseremala wote, washona viti na mlinzi wa getini, aliyenionya nisiandike nikiwa na hasira.

Ni mimi, mtetezi wa samani za kale,
Mjukuu mkubwa.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Mama amenipeleka stoo. Kuna viti vya mchoraji yuleyule, vyeusi tii. Anasema kwenye kile kilichovunjika mguu yumo Baba, bado mtoto, amemkumbatia jogoo. Baba alifariki nikiwa nabebwa mgongoni, wala hakuacha picha hata moja. Nimekitazama kiti kile hadi macho yakaniuma, haonekani. Sijakigusa. Mnunuzi nimemwambia atafute nyumba kwingine, kwa sababu ngozi iliyokauka hivi haifai kuhamishwahamishwa. Naomba mnitumie yule mama, yuleyule, nisiletewe mwingine. Aje hata kesho. Mimi nitamshikia taa.